Usingizi wa saa chache, ucheleweshaji wa saa 24: uchambuzi wa kisa cha panya wa Durham

Mwaka 1950 John Everett na Charles Sawyer, wote wa idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Duke mjini Durham, North Carolina, walichapisha jaribio linaloweza kuelezwa kwa maneno machache. Panya jike akichomwa sindano ya pentobabitoni, dawa ya usingizi, saa 8 mchana, siku ambayo mayai yake yanatarajiwa kutoka usiku, mayai hayatoki. Hutoka usiku unaofuata, saa zile zile. Akichomwa dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kile kile, lakini baada ya saa 10 alasiri, mayai hutoka usiku uleule kana kwamba hakuguswa.

Pentobabitoni kwa kipimo hicho humlaza panya saa chache tu. Jioni ameshaamka, anakula na kuzunguka kizimbani. Kama dawa ilisimamisha kazi fulani ya mwili, mtu angetegemea kazi hiyo iendelee pale panya anapoamka, na mayai yachelewe kwa muda uleule aliolala. Hayakuchelewa saa tatu, wala sita. Yalichelewa siku nzima. Kila anayepima homoni za pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa wanyama wa maabara, hata kama hashughuliki na uzazi, anapaswa kuelewa sababu yake kabla hajachukua tone la kwanza la damu.

Panya, taa na mzunguko

Tunazungumzia panya mkubwa wa maabara, si yule mdogo anayetumika sana katika utafiti wa jeni. Jike wake ana mzunguko wa siku 4, wengine 5. Mzunguko huo ulielezwa kwa kina na Long na Evans huko California mwaka 1922, na njia waliyoitumia, yaani kuangalia seli za uke kwa hadubini kila siku, ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Siku ya proestrasi huonekana seli za mviringo zenye kiini, mara nyingi zimeshikamana kwa vikundi. Siku ya estrasi seli huwa bapa, ngumu, hazina kiini. Siku za metestrasi na diestrasi seli nyeupe za damu hujaa. Mayai hutoka usiku ulio kati ya proestrasi na estrasi, kwa kawaida kati ya saa 7 na saa 9 usiku, na panya mmoja hutoa takriban 10 hadi 14.

Durham taa za chumba cha wanyama ziliwashwa saa 11 alfajiri na kuzimwa saa 1 jioni: saa 14 za mwanga, saa 10 za giza. Maelezo haya si pambo. Bila hayo, "saa 8 mchana" haina maana yoyote, kwa sababu panya hajui saa ya ukutani, anajua taa. Kwa taa za Durham, saa 8 mchana ni saa 9 tangu mwanga uanze, na saa 10 alasiri ni saa 11 tangu uanze. Kipindi hicho cha saa mbili ndicho Everett na Sawyer walikiita kipindi cha uamuzi. (Maabara inayowasha taa saa 12 asubuhi ina bahati ya aina yake: hesabu yetu ya saa za mchana inalingana moja kwa moja na ile ya watafiti wa midundo, wanaoanza kuhesabu pale taa zinapowaka.)

Mnyororo wenyewe ni huu. Haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo GnRH kwenye mishipa midogo ya damu inayoshuka hadi pituitari ya mbele. Pituitari ikiipata kwa wingi hummiminia mnyama homoni iitwayo LH, nyingi kwa muda mfupi. LH hufika kwenye ovari, na takriban saa 10 hadi 12 baadaye folikuli zilizokomaa, yaani vifuko vinavyobeba mayai, hupasuka. Mwaka 1950 GnRH ilikuwa haijatambuliwa. Muundo wake ulijulikana mwaka 1971 kwa kazi ya maabara za Schally na Guillemin. LH yenyewe haikuweza kupimwa katika damu ya panya mmoja. Everett na Sawyer walikuwa na kipimo kimoja tu: mayai yametoka au hayajatoka. Inastaajabisha wamefika mbali kiasi gani kwa kipimo hicho.

Hawakuanzia hewani. Mwaka mmoja kabla, wakiwa pamoja na Markee, mkuu wa idara yao, walikuwa wameonyesha kwamba dawa zinazozuia mawasiliano ya neva, kama atropini, huzuia mayai ya panya kutoka zikitolewa mapema mchana wa proestrasi, na hazizuii zikitolewa jioni. Kabla ya hapo Sawyer na Markee walifanya kazi na sungura, ambaye hutoa mayai takriban saa 10 baada ya kupandwa. Kwa sungura ni wazi kwamba neva zinahusika, kwa kuwa kichocheo ni tendo la kupandwa lenyewe. Kwa panya hakuna tendo. Anatoa mayai peke yake ndani ya kizimba. Kwa hiyo swali likawa: ni nini kinachompa ishara?

Maelezo manne, moja linalosimama

Maelezo ya kwanza ni kwamba dawa inaiumiza ovari. Yanaanguka mara moja: dozi ileile baada ya saa 10 alasiri haizuii kitu, ilhali ovari ni ileile na bado ina saa nyingi za kazi mbele yake kabla folikuli hazijapasuka. Dawa ingekuwa sumu ya ovari, saa mbili zisingemwokoa panya.

La pili ni kwamba dawa inailaza pituitari isiweze kutoa LH. Hili lilichukua muda zaidi kulimaliza, na Everett ndiye aliyelishughulikia miaka iliyofuata. Panya akiwa bado amelala kwa pentobabitoni, ukichochea kwa umeme eneo la mbele la haipothalamasi, mayai hutoka usiku ule. Baadaye, GnRH ilipopatikana, sindano yake ilitoa jibu hilohilo, kiasi kwamba panya wa proestrasi aliyelazwa kwa pentobabitoni akawa chombo cha kawaida cha kupimia nguvu ya homoni hiyo. Pituitari iko macho na ghala lake limejaa. Kinachokosekana ni amri kutoka juu.

La tatu ndilo wengi hulifikia kwanza: dawa inaahirisha amri kwa muda wa usingizi. Lingekuwa kweli, panya angeamka jioni, amri ingetolewa, na mayai yangetoka asubuhi au mchana wa siku ya estrasi. Hawakuyaona wakati huo. Waliyaona usiku unaofuata.

Linabaki la nne. Amri hutolewa mara moja kwa siku, saa maalumu, kisha basi. Haingoji. Panya akiwa amelala saa hizo, nafasi imepita, na inayofuata ni kesho saa zile zile. Everett na Sawyer walilijaribu hili kwa namna ambayo haiachi mlango wa kutokea: panya aliyezuiwa siku ya kwanza walimzuia tena kesho yake saa 8 mchana, na mayai yakachelewa saa 48. Siku hiyo ya pili kipindi cha uamuzi kilikuwa palepale, kati ya saa 8 na saa 10. Mpaka mtu amrudie panya yuleyule siku ya pili na kukuta mlango unafunguka na kufungwa saa zile zile, bado angeweza kudai kuwa ni tabia ya proestrasi. Baada ya hapo hawezi. Ukiendelea kumzuia siku ya tatu, folikuli zilizongoja mno huanza kuzorota, na mnyama huelekea kwenye mzunguko mpya bila kutoa mayai yale.

Ndiyo maana waliandika kuhusu mdundo wa saa 24 katika chombo cha kutolea LH, na si kuhusu mdundo wa proestrasi. Wazo kwamba chombo hicho kinagonga kila siku, hata siku ambazo hakuna anayekiitikia, lilikuwa zito kwa wakati wake. Lilithibitishwa wazi miaka 25 baadaye.

Kile ambacho mayai hayawezi kusema

Kipimo cha ndiyo au hapana kina udhaifu wake, na hapa wasomaji wengi wa kisa hiki hukosea. Saa 10 alasiri si mwisho wa LH kutoka. Tangu vipimo vya kingamwili zenye mionzi vilipotengenezwa kwa ajili ya LH ya panya, mwishoni mwa miaka ya 1960, tunajua kwamba chini ya taa za aina hii LH hupanda mchana, hufika kilele kati ya saa 11 jioni na saa 1 jioni, na hushuka usiku. Kwa hiyo kipindi cha uamuzi kinaisha kabla kilele hakijafika.

Sababu ni kwamba folikuli hazihitaji mmiminiko mzima. Sehemu ndogo yake inatosha kuzipasua. Panya akilazwa saa 10 na nusu, mmiminiko unaweza kukatwa katikati, lakini kilichokwisha kutoka kinatosha, na mayai yanatoka. Ukihesabu mayai tu utaandika "dawa haikuwa na athari". Ukipima LH utaona mlima uliokatwa kilele. Na panya waliolazwa katikati ya kipindi, karibu na saa 9, hutoa matokeo mchanganyiko: wengine hawatoi kitu, wengine hutoa idadi kamili, na wachache hutoa mayai pungufu. Hao wachache wasitupwe kwenye jedwali. Ndio wanaoonyesha kwamba kuna kiwango cha chini cha LH, na kwamba si kila folikuli inahitaji kiasi kilekile.

Kulirudia jaribio leo

Ni jaribio zuri la kufundishia, na pia la kuhakiki chumba cha wanyama kabla ya kuanza utafiti wowote wa homoni zenye mdundo. Likishindwa, chumba kina kasoro. Baada ya kibali cha kamati ya maadili ya wanyama, mambo huenda hivi.

Wape panya angalau wiki mbili chini ya ratiba moja ya taa bila kubadilisha kitu. Anza kuchukua seli za uke kila asubuhi kati ya saa 2 na saa 4, kwa pipeti ya plastiki yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kama mililita 0.1 hadi 0.2. Ncha iingie kidogo tu. Pokea katika jaribio panya walioonyesha mizunguko miwili mfululizo ya siku 4 kamili, ikiwezekana mitatu. Wa siku 5 waweke kando: kwao folikuli na estrojeni hufuata ratiba nyingine, na wakichanganywa na wa siku 4 wanaharibu hesabu.

Siku ya proestrasi iliyothibitishwa, gawanya wanyama katika makundi matatu, takriban 8 kila moja. La kwanza pentobabitoni kabla tu ya kipindi kuanza. La pili maji ya chumvi saa hiyohiyo. La tatu pentobabitoni baada ya kipindi kuisha. Watu hupenda kuliacha kundi la tatu ili kuokoa wanyama, na hapo wanapoteza kiini cha jaribio, kwani ndilo linaloonyesha kuwa dawa haigusi ovari wala LH iliyokwisha kutoka.

Kipimo cha karibu miligramu 32 kwa kilo, sindano ya tumboni, kinatosha. Panya wa gramu 250 anahitaji miligramu 8. Dawa ya chupani yenye miligramu 50 kwa mililita ni nzito mno kwa ujazo mdogo kama huo. Changanya sehemu moja na sehemu nne za maji ya chumvi upate miligramu 10 kwa mililita, umchome mililita 0.8. Ichanganye siku hiyohiyo na uitazame kabla ya kuivuta: dawa hii huyeyuka kwenye maji yenye alkali, na ikipozwa au ikipunguzwa mno huganda chembechembe. Mlaze panya juu ya pedi yenye joto la nyuzi 37. Dawa za kundi hili, babichureti, hushusha joto la mwili, na panya aliyepoa hukawia kuamka.

Asubuhi ya estrasi, kama saa 3, fungua mnyama chini ya hadubini ndogo. Sehemu ya juu ya mrija wa mayai huwa imevimba na kung'aa pale mayai yalipo. Ikate, iweke kati ya vioo viwili na tone la maji ya chumvi, kandamiza taratibu, uhesabu. Nusu ya wanyama wa kundi la kwanza wafunguliwe siku hiyo, nusu nyingine kesho yake. Bila nusu hiyo ya pili utaonyesha kuwa umezuia, lakini hutaonyesha kwamba ucheleweshaji ni wa saa 24, na hilo ndilo jambo zima.

Ukitaka kupima LH yenyewe badala ya kuhesabu mayai, piga hesabu ya damu kwanza. Panya ana takriban mililita 64 za damu kwa kilo, hivyo wa gramu 250 ana mililita 16. Asilimia 10 ni mililita 1.6, na hapo ndipo pa kusimama. Kuchukua damu kila saa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 3 usiku ni mara 10. Kwa mililita 0.15 kila mara unafikia 1.5. Inatosha kama kipimo chako cha kingamwili kinahitaji ujazo mdogo. Kama haitoshi, punguza mara za kuchukua, usiongeze damu. Kanula, yaani mrija mwembamba, ya silikoni iwekwe kwenye mshipa wa shingo siku kadhaa kabla, itokee mgongoni, na iungwe kwenye mpira mrefu ili mtu achukue damu bila kumshika mnyama wala kufungua kizimba. Rudisha ujazo uleule wa maji ya chumvi yenye heparini kidogo, dawa inayozuia damu kuganda.

Mahali panapoharibika

Taa ndizo za kwanza. Taima ya kimakanika umeme ukikatika husimama, na umeme ukirudi huendelea pale ilipoachia. Kukatika kwa saa mbili usiku kunausogeza mchana wa panya kwa saa mbili, na hakuna anayejua mpaka mmiminiko uonekane "umechelewa". Tumia taima yenye betri, na weka kifaa cha kurekodi mwanga ndani ya chumba. Marekani na Ulaya mtego ni mwingine: saa za nchi husogezwa mara mbili kwa mwaka. Taima ikiachwa kwenye saa ya zamani huku wafanyakazi wakifuata mpya, sindano ya "saa 8" inaingia saa nzima mbali na ilipokusudiwa. Katika kipindi cha saa mbili hiyo ni nusu ya kipindi.

Mwanga wa usiku nao. Taa ndogo za vifaa, kioo cha mlango bila pazia, mfagiaji anayewasha taa dakika chache. Mwanga wa usiku huisogeza saa ya mwili hata ukiwa mfupi, na taa nyekundu haina kinga kamili. Iwe hafifu na itumike kwa dakika chache. Taa zisipozimwa kabisa kwa wiki kadhaa, panya huacha mizunguko na kubaki kwenye estrasi ya kudumu, jambo lililoripotiwa tangu miaka ya 1930.

Pipeti inayoingia ndani mno ni kosa la mikono ambalo matokeo yake ni ya ajabu. Ukigusa shingo ya kizazi kwa nguvu, ubongo wa panya unasoma kwamba amepandwa. Pituitari yake huanza kutoa homoni ya prolaktini mara mbili kwa siku, alfajiri kabla mwanga haujaja na jioni, na mnyama huingia katika mimba ya uongo ya takriban siku 12 hadi 14. Kwenye daftari utaona diestrasi isiyoisha. Huo nao ni mdundo wa kila siku wa pituitari, na ni mzuri kuuchunguza kwa makusudi, lakini umeharibu jaribio hili.

Dozi ndogo huleta kosa gumu zaidi kulitambua. Panya anayeamka kabla ya saa 10 anaweza kupata mwisho wa kipindi na kutoa LH kidogo inayotosha. Andika saa ya kulala na saa ya kuamka ya kila mnyama. Aliyeamka mapema aonekane kwenye jedwali lake mwenyewe.

Kunakili saa za Durham bila kunakili taa zake ni kosa la kawaida kwenye maabara zenye saa 12 za mwanga na 12 za giza. Kipindi husogea, na aina za panya hutofautiana. Kitafute upya: vikundi vidogo vya wanyama, kila kimoja kichomwe saa moja baada ya kingine kuanzia saa 7 za mwanga hadi saa 12. Kwa panya wadogo wa maabara usizitegemee saa hizi hata kidogo. Mmiminiko wao huja karibu na taa kuzimwa, na hutofautiana zaidi kati ya mnyama na mnyama.

Kuna pia kosa la hesabu ambalo limepunguza ukubwa wa mimiminiko mingi kwenye michoro. Wanyama hawapandi kwa dakika moja. Mmoja ana kilele saa 11, mwingine saa 12 na nusu. Ukichukua wastani wa kila saa unapata kilima kipana na kifupi ambacho hakuna panya hata mmoja aliyekuwa nacho. Panga kila mnyama kwa kilele chake mwenyewe kwanza, uripoti ukubwa wa kilele, kisha uripoti kando saa ya kuanza na mtawanyiko wake. Na ukilinganisha na machapisho ya zamani, angalia kipimo rejea, yaani homoni ya kulinganishia iliyotumika: namba zilizotolewa kwa kipimo rejea RP-1 cha Marekani haziwezi kuwekwa jirani na zile za RP-3, kwa sababu usafi wa homoni ndani yake ni tofauti sana. Nanogramu ni neno lilelile, kiasi sicho.

Miaka iliyofuata

Wazo la amri ya kila siku lilithibitishwa na Legan, Coon na Karsch mwaka 1975. Walitoa ovari za panya, wakawawekea chini ya ngozi kidonge cha silikoni kinachotoa estrojeni kwa kiwango kisichobadilika. LH ikamiminika kila alasiri, saa zile zile, siku baada ya siku. Panya mwenye ovari zake hufanya hivyo mara moja tu kwa mzunguko kwa sababu mbili: siku nyingine estrojeni yake haitoshi kuifanya haipothalamasi na pituitari ziitikie, na baada ya mmiminiko wa proestrasi ovari hutoa homoni ya projesteroni kwa wingi, ambayo huzima amri ya siku inayofuata. Sasa tunaweza kumsoma upya panya wa Durham aliyelazwa saa 8. Hakupata LH, kwa hiyo hakupata projesteroni, kwa hiyo hakuna kilichozima amri ya kesho, na estrojeni ilikuwa bado ipo. Ndiyo maana kesho ilimkubali.

Saa yenyewe ilipatikana mwaka 1972. Moore na Eichler, na kwa upande mwingine Stephan na Zucker, waliharibu viini viwili vidogo vya haipothalamasi vilivyo juu tu ya makutano ya neva za macho, viitwavyo SCN kwa kifupi. Kundi la kwanza liliona mdundo wa kotikosteroni, homoni ya tezi za juu ya figo, ukipotea, la pili mdundo wa kukimbia na kunywa. Panya jike wasio na SCN huacha kutoa mayai. Kutoka SCN neva huenda moja kwa moja kwenye seli za GnRH, na nyingine huenda kwenye seli za neva zinazotoa kispeptini, kichocheo cha seli za GnRH, zilizo sehemu ya mbele ya haipothalamasi, ambazo ndizo zinazosoma kiwango cha estrojeni. Saa na estrojeni hukutana hapo.

Ushahidi unaotuvutia zaidi ni wa hamsta. Hamsta akikaa kwenye mwanga usiokatika, wakati mwingine shughuli zake za siku hugawanyika sehemu mbili zenye tofauti ya saa 12. Swann na Turek walionyesha mwaka 1985 kwamba hamsta kama huyo hupata mimiminiko miwili ya LH kwa siku. Mwaka 2003 de la Iglesia na wenzake wakaonyesha kwamba SCN ya kulia na ya kushoto huwa zinapokezana, na seli za GnRH za upande mmoja huwaka pale SCN ya upande uleule inapofanya kazi. Homoni inayosafiri kwa damu isingeweza kutenganisha kulia na kushoto. Amri inapita kwenye nyuzi za neva, kama Everett, Sawyer na Markee walivyodhani kutokana na atropini.

Mpaka wa kisa hiki uheshimiwe. Homoni nyingine za pituitari ya panya huyohuyo hazifuati saa ya LH. ACTH, homoni ya pituitari inayochochea kotikosteroni, na kotikosteroni yenyewe hufika juu karibu na taa kuzimwa, kwa dume na jike, kila siku, na mshtuko wa kushikwa huzipandisha ndani ya dakika chache. Homoni ya ukuaji kwa dume hutoka kwa mapigo makubwa takriban kila saa tatu na dakika ishirini. Damu moja ya asubuhi na moja ya jioni haitaonyesha chochote kuihusu isipokuwa bahati. Na ukihamia kwa tumbili aina ya rhesus, amri ya kila siku hailazimiki tena. Knobil na wenzake huko Pittsburgh waliharibu chanzo cha GnRH cha wanyama hao, wakawapa GnRH kwa mpigo mmoja kila saa, bila kubadilisha kitu mchana wala usiku, na mizunguko yenye kutoa mayai ikarudi. Kwa rhesus kukomaa kwa folikuli ndiko kunakoamua siku. Kwa panya folikuli hukomaa, kisha hungoja saa 8 mchana.